Baba Mdogo na Tabia ya Nchi

Mpendwa baba mdogo,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinilea hivyo na mkono umeshazoea, usihangaike kuitikia. Nakuandikia hadharani, asome anayetaka kusoma, kwa sababu barua ya siri ungeisoma peke yako, ungeikunja vizuri, halafu ungetoka nje kuwaeleza watu ilichosema. Nimeshaona yanayoyapata maneno yakipita mdomoni mwako. Yanaingia ya mtu mwingine, yanatoka yako.

Unalikumbuka lile jiwe kubwa juu ya malisho, nyuma ya kwetu Kaisho? Nilikuwa na miaka saba au minane. Asubuhi moja baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, ulinishika mkono tukapanda mpaka juu yake, ukanionyesha upande wa Rwanda. Mbali sana, nyuma ya vilima vyote, palikuwa na milima mingine iliyochongoka, ya rangi ya moshi. "Ile ni milima ya moto," ukasema. "Imelala." Nikakuuliza kinachoiamsha ni nini. Hukusema hujui. Katika maisha yangu yote sijawahi kukusikia ukisema hujui. Ulisema inaamka mtoto anapokataa kwenda kuchota maji, nami nikachota maji mwezi mzima bila kutumwa na mtu. Mama alidhani nimeugua. Wewe na baba mlikuwa mkinitazama napita na ndoo, mnacheka mpaka mnashika mbavu.

Nilikupenda siku zile, na nalisema wazi ili watu wajue kwamba dharau niliyonayo leo sikuzaliwa nayo. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, shughuli zake zilikuwa migomba na kahawa. Wewe, mdogo wake, ndiye uliyekuwa na maneno. Uliponifundisha Kiswahili, kila neno ulinipa na Kinyambo chake, mawili mawili, kama mtu anayegawa karanga. Jua, izoba. Nchi, ensi. Ulikuwa ukitafuna buni zako za kahawa, unanieleza kazi yako kwa fahari. "Mkalimani hana maoni," ulisema. "Anachukua neno huku, analiweka kule." Nikatamani kuwa mkalimani. Nimeishia kuwa mshona nguo Kituntu, na namshukuru Mungu, kwani kitambaa nikikikata vibaya kila mtu anaona.

Wewe uliyekata vibaya hakuna aliyekuona. Alikuja mtaalamu wa kilimo wakati ule wa mnyauko wa migomba, akasema kila mnapokata mgomba mgonjwa, chomeni panga motoni kabla hamjagusa mwingine. Wazee wetu Kiswahili chao ni cha sokoni, wakakutazama wewe. Ukasimama, ukavuta koti, ukasema: mgomba ukiugua, choma moto. Mzee Kamugisha akaenda akachoma nusu ya kibanja chake, shamba lake la migomba, mizima kwa migonjwa. Ulipoulizwa ukajibu kwamba mtaalamu ndiye aliyekosea, kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha pwani mno. Tulicheka sana nyumbani, nami nilicheka. Miaka ile ilikuwa rahisi kukucheka, kwa sababu kilichoungua hakikuwa chetu.

Baba alipofariki, mama alibaki na kibanja, na mimi ndiye mtoto pekee. Nilikuwa nimeolewa nikarudi, nikafungua chumba cha kushonea Kituntu, nikawa nakuja kwake kila Jumamosi. Mwaka huu, baada ya Pasaka, aliwaita wazee wa ukoo, akawapikia ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, na walipokwisha kula akasema mbele yao kwamba yeye akiondoka, kibanja ni cha Koku, yaani mimi. Wazee walitazamana, maana kwetu binti huhesabiwa wa ukoo wa mumewe. Wawili wakasema ni haki yake, mumewe hakuacha mtoto mwingine. Wewe ulikohoa. Ulikohoa kirefu kama mtu aliyepaliwa, kisha ukasema, "Tutaona, shemeji." Sikulitilia maanani neno lile. Nilidhani ni domo tu, kama kawaida yako.

Miezi miwili baadaye ardhi ikatikisika. Ilikuwa Jumamosi, kwenye saa nne asubuhi, mama ameanika kahawa uani na mimi napepeta maharage. Kwanza mbuzi walinyamaza, halafu mabati yakaanza kugongana, halafu nikaona ua wote unasogea chini ya miguu yangu kama mkeka unaovutwa na mtu. Haikuchukua hata muda wa kusali Baba Yetu. Ilipokwisha, ukuta wa jiko, ule uliounganika na chumba anacholala mama, ulikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka kwenye paa, na mkono wangu uliweza kupita. Mama alikaa chini kwenye kahawa yake, akauliza swali moja tu: "Tumefanya nini?"

Nataka ulikumbuke swali hilo, baba mdogo. Ulikuwa umeshafika wakati huo, unahema, na ulilisikia. Nadhani hapo ndipo ulipopata wazo.

Siku ya mkutano wa kijiji nilikuwepo. Afisa wa mazingira alikuja kwa jambo jingine kabisa, la mvua kuvurugika na kahawa kutoa maua wakati usio wake, la chemchemi zilizokauka na watu wanaokata miti kandokando yake. Mwanamke wa umri mdogo, mwenye kilemba cha bluu, anaongea haraka. Kila baada ya sentensi mbili alisema "mabadiliko ya tabianchi", na wewe uliyekaa kando yake ulikuwa unatikisa kichwa kana kwamba hotuba mliiandika pamoja. Ndipo Bi Anastazia, mwenye umri kuliko wote pale, akanyoosha fimbo, akauliza kwa Kiswahili chake: "Na hili tetemeko, nalo ni hiyo tabia ya nchi? Na ile milima ya moto ya Rwanda, jua likizidi, itapasuka?"

Watu wengine walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Swali lile halikuwa la kijinga. Afisa mwenyewe alisema ni zuri, na alijibu polepole kuliko alivyokuwa amesema yote mengine. Namnukuu kadiri ninavyokumbuka, na nina kumbukumbu nzuri, uliisifu wewe mwenyewe zamani. Alisema: "Bibi, wanasayansi wanalichunguza hilo. Kwenye nchi za barafu, barafu nyingi ikiyeyuka, uzito unaondoka juu ya ardhi, ardhi inainuka taratibu, na hapo matetemeko au milima ya moto inaweza kusukumwa kidogo. Hata mvua kubwa mno, au ziwa likijaa, vinaweza kugusa ufa uliokuwa karibu kuachia. Lakini hivyo ni vya kugusa tu. Chanzo chenyewe kiko chini sana, kwenye miamba, na joto la jua halifiki huko. Huku kwenu ni Bonde la Ufa. Ardhi inavutana pole pole, siku moja inaachia. Ilitetemeka kabla ya babu zenu na itatetemeka tena. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Tengenezeni nyumba zenu."

Akakugeukia. Ukasimama. Ukavuta koti. Ukasema kwa Kinyambo, nami nilikuwa mstari wa tatu nasikia kila herufi: "Anasema nchi imepata emize."

Kwa ajili ya wasomaji wasiojua lugha yetu, emize ni tabia mbaya, zile za mtoto anayedokoa nyama chunguni. Neno lenyewe la Kiswahili ni mtego, nakubali. Shuleni wanasema tabia ya nchi wakimaanisha mvua na jua la miaka mingi. Sisi huku tabia ni kile anachokosa msichana asiyepiga goti kumsalimia mkubwa. Mtu wa kwetu akisikia nchi imebadilika tabia, anaona kitu kizima chenye hasira, kimeamka vibaya. Kosa hilo angelifanya yeyote kati yetu, na kama ungeishia hapo ningekusamehe kabla hujakaa.

Hukuishia hapo. Wewe huwezi kuonja mchuzi bila kutia chumvi yako. Ukaendelea: "Anasema zimeletwa na sisi wenyewe. Tumeacha njia za wazee. Ndiyo maana inatikisika, na itatulia tukizirudia." Halafu ukatoa mfano, na mfano huo afisa hakuutoa, wala hakuwa na habari nao, masikini, alikuwa anatabasamu tu kando yako kwa adabu. Ukasema, "Kwa mfano, vibanja vya ukoo kwenda nje ya ukoo." Vichwa vyote viligeuka. Mama alikuwa amekaa na khanga yake mpya aliyoivaa kwa ajili ya mgeni, na nilimwona anaivuta mpaka puani.

Nilinyamaza. Nilijua maneno yote mawili, lililoingia na lililotoka, na nikanyamaza, kwa sababu binti hamsahihishi mdogo wa baba yake mbele za watu, na kwa sababu nilitaka ardhi yenyewe na niliona aibu kuitetea. Kwa hilo najidharau. Lakini hatia yangu ni ya kijiko, baba mdogo. Ya kwako ni ya sufuria.

Wiki haikwisha, mama akakujia na buni za kahawa kwenye jani la mgomba, kama ilivyo desturi ya kukabidhi kitu, na wazee wawili wa ushahidi. Akasema kibanja kirudi kwa ukoo, na ukoo hapo maana yake ilikuwa wewe. Ulipokea buni, ukatafuna. Nimeambiwa hata hukuwa na haya ya kukataa mara moja kwanza, kama wanavyofanya watu wenye adabu wanapopewa kitu. Mwezi uleule ukaanza kukata ndizi za baba.

Hata hilo ningelimeza. Kilichonishinda ni ukuta. Nilimleta fundi Deo kutoka Nyakatuntu, mtu makini, hasemi sana. Aliuzunguka ukuta, akautazama kwa timazi, akaniambia mbuzi akiuegemea kujikuna utamwangukia. Alitaka kuubomoa wote, ajenge upya kwa nguzo na lenta ya zege inayozunguka nyumba nzima, ili kuta zishikane. Mama akamkatalia mlangoni. "Nchi itulie kwanza," alisema. "Nimeshairudishia chake. Nikianza kujenga sasa, itaona sina imani." Fundi akanitazama, nami nikatazama chini. Jioni mama aliingia kulala chini ya ukuta ule kama mtu anayetimiza nadhiri.

Jumamosi baada ya Jumamosi nilipanda pikipiki kutoka Kituntu kuja kubishana na mama yangu mzazi. Nilimletea matofali, akayapanga bustanini kuzungushia maua. Nilimwegemezea ukuta kwa gogo la mkaratusi, akalitoa, akasema linamzuia kufagia. Nilimweleza maneno ya afisa, yale ya kweli, moja baada ya jingine. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya ndizi, kisha akaniuliza: "Wewe ulikuwepo, Koku?" Nikasema nilikuwepo. "Uliyasikia hayo?" Nikasema niliyasikia. "Basi mbona hukusema siku ile?" Akaendelea kumenya, na mimi nikaenda kulia kwenye migomba ambayo haikuwa yetu tena.

Wewe wakati huo ulikuwa umeshapanda cheo. Kutoka mkalimani ukawa mtaalamu. Ulikaa kwenye benchi la dukani, unawaeleza watu kwamba jua la siku hizi ni kali, linapenya ardhini, linachemsha ule moto wa milima ya Rwanda, mvuke unakosa pa kutokea, unakuja kutikisa wilaya yetu ya Kyerwa. Niliyasikia haya kwa masikio yangu nikiwa nanunua uzi. Baba mdogo, wewe umezaliwa kwenye nyumba ya udongo. Unajua kwamba jua la saa saba linaunguza bati na chungu cha maji kilichofukiwa nusu sakafuni kinabaki baridi. Mikono yako inajua zaidi ya mdomo wako, na bado uliuacha mdomo uongoze. Watu walikuwa wanakuitikia. Jambo la kweli, kwamba joto la dunia linatuharibia mvua na kahawa, uliliacha, kwa sababu lingekudai uache kukata miti yako kwenye chemchemi. Ukachukua lile la uongo ambalo lilimdai mjane.

Likaja tetemeko la pili. Hili nadhani huhitaji kukumbushwa, lakini nitakukumbusha, kwa sababu nalifurahia. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, na lilikukuta unaoga. Ulitoka mbio na taulo, povu kichwani, ukapita mbele ya akina mama waliokuwa wanakwenda kisimani, na ulikuwa unaita jina la mama yako. Nyumba yako ya matofali ya kuchoma, uliyokuwa ukituringia, ilipata ufa juu ya dirisha la sebuleni. Kwa mama, nusu ya ukuta wa jiko iliangukia ndani, mahali hasa anapokaa kumenya ndizi. Kigoda chake tulikitoa vipande. Yeye alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba moto, kwa sababu kiberiti kililowana. Sina maelezo mengine ya kwa nini mama yangu yu hai, na sitaki kuyatunga.

Kabla ya Ijumaa ulikuwa umekula kona. Ulimwambia mkeo unakwenda Mwanza kwa binti yako kutazamwa macho. Macho yako ni mazima; ulifyata mkia.

Sasa sikiliza kilichotokea nyuma yako, kwa kuwa najua umeshasimuliwa vingine. Wazee wa ukoo walikutana kwa Mzee Kamugisha, yuleyule uliyemchomesha migomba. Mama aliitwa, nami niliitwa. Mzee Kamugisha akafungua kwa furaha ambayo hakuificha. Akasema mambo yamejieleza yenyewe. Kibanja kilitoka kwa mjane kikaenda kwako, na nchi badala ya kutulia ikatikisika tena, tena ikakutikisa wewe bafuni. Kwa hiyo emize hazikuwa za mjane, ni zako wewe uliyekula cha mjane. Nchi imekukataa. Kibanja kirudi kwa Koku, na wewe ukirudi ulete mbuzi wa kuosha uovu. Watu wote wakaitikia. Bi Anastazia akapiga fimbo chini mara mbili.

Baba mdogo, nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa sina haja ya kufungua mdomo. Ningekaa tu, nikutazame unavyomezwa na uongo wako mwenyewe, na jioni ningekuwa nimekaa kwenye migomba ya baba. Na nilikuwa na hamu hiyo, nisikufiche. Nilikuona vizuri akilini, unarudi na mbuzi wako kwenye kamba, umeinamisha shingo.

Nikamtazama mama. Alikuwa ametulia, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule. Na nikaona jambo: kwamba alikuwa ameondolewa hatia, lakini bado anaamini. Tetemeko la tatu likija, atakaa tena chini auulize ulimwengu amefanya nini. Atatafuta kosa, na mjane hakosi mtu wa kumsaidia kulitafuta.

Nikasimama. Nikasema, "Wazee wangu, naomba nisahihishe. Nchi haijamkataa mtu." Kisha nikatafsiri. Nilikuwa nimechelewa kwa miezi, lakini nilitafsiri kila neno la afisa yule kwa Kinyambo, barafu na miamba na ziwa kujaa, na pale nilipokosa neno nilisema nimekosa neno, nikaeleza kwa mikono. Nikasema na hili: nilikuwepo siku ile, nilisikia baba mdogo anaongeza yake, nikanyamaza. Nikasema hata yeye nchi haikumtikisa kwa ubaya wake, maana ubaya wake aliuanza zamani.

Hawakupenda. Mzee Kamugisha alinitazama kama mtu aliyekutengea chakula ukasukuma sahani. "Koku, tunakurudishia kibanja, na wewe unakitupa?"

Nikajibu kwamba sikitupi, ila sikitaki kwa njia ile. Na nilikitaka, baba mdogo, nilikitaka sana.

Ndipo mama aliposimama. Unamjua, hasemi kwenye vikao, hata siku ya Pasaka alisema akiwa amekaa. Alisimama akashika nguzo, akamuuliza mzee: "Kwa hiyo nchi haikunikasirikia?" Akaambiwa kama Koku anasema kweli, basi haikukasirika. "Basi mimi nilidanganywa," akasema. "Nilikitoa kwa kuogopa. Siogopi tena, nakitaka. Na Koku ni mtoto wangu, mtampa au nitampa mwenyewe." Akakaa. Palikuwa na ubishi mpaka adhuhuri, wengine wakisema neno lililotolewa kwa ushahidi halirudi. Mwishowe aliyewanyamazisha ni Bi Anastazia, aliyewauliza kama wangependa yeye aanze kutaja yote ambayo kila mmoja wao aliwahi kuyasema kwa ushahidi akayarudisha. Kibanja ni cha mama, na baada yake ni changu. Mkeo alikuwepo, aliweka dole gumba kwenye karatasi ya makubaliano bila kulazimishwa, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tulipofika nyumbani, mama alimpigia fundi Deo mwenyewe, kwa simu yangu. "Njoo ubomoe," alimwambia. Kazi imekwisha wiki iliyopita. Kuna nguzo pembe zote nne, na lenta imezunguka nyumba nzima. Fundi anasema haizuii tetemeko, inazuia ukuta kukuua, na kwangu hiyo inatosha kabisa.

Na jana binti yako Jeni amenipigia kutoka Mwanza. Anasema huli vizuri, unashinda dirishani. Anasema unataka kurudi lakini unaogopa, umemtuma aniulize kama wazee bado wanadai mbuzi, na kama nchi imeshakusamehe. Nilicheka kwanza, nakiri. Kisha nikaelewa kwamba uliuamini uongo wako, au umeuamini sasa, na nikashindwa kujua kipi ni cha aibu zaidi. Mtu aliyenipandisha jiwe kunionyesha milima, aliyejua neno la kila kitu kwa lugha mbili, amejikunyata kwenye nyumba ya mkwe anaogopa udongo. Nikakuhurumia kidogo, na huruma hiyo nayo ina dharau ndani yake, siwezi kuitenganisha.

Kwa hiyo majibu yako ni haya, na safari hii usimwombe mtu akutafsirie. Mbuzi hadaiwi. Mkutano umefungwa. Juu ya dirisha lako kuna ufa, mwite fundi kabla hujaingiza kitanda. Mvua zimechelewa tena, kwa hiyo ile miti ya chemchemi iache. Ukipita kwa mama msalimie na uombe radhi kwa mdomo wako, kwa lugha yoyote; yeye atakupa chakula, mimi sijui nitakupa nini. Ardhi itatikisika tena, mwaka huu au wakati wajukuu wa Jeni wamezeeka, ukiwa umetubu au hujatubu, ukiwa bafuni au kanisani.

Kuhusu msamaha, umeuliza pasipo mwenyewe. Nchi haikujui, baba mdogo. Anayekujua ni mimi.

Ndimi binti wa kaka yako,
Kituntu.